Ndoo Nani Atanitua?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, majuma machache yaliyopita, katika darsa ya akina mama ya baada ya Alasiri, tulizungumza juu ya subira. Tulizungumza saa nzima, na ingawa haifai mtu kujisifu, tuliona kwamba tumeizungumza vizuri. Tulizitaja aina zake tatu kama zinavyosomeshwa chuoni: subira katika kutii, subira ya kujizuia na maasi, na subira juu ya yale yanayomfika mja pasi na kuyataka. Tukaeleza alivyotufundisha Mtume (S.A.W.) kwamba taabu yoyote impatayo Muislamu, hata ikiwa ni mwiba tu uliomchoma, huwa ni sababu ya kufutiwa madhambi. Akina mama walisikiliza kwa adabu, dua ikaombwa, wakaanza kuondoka.

Mmoja akabaki. Ni mama tunayemjua, muuza mahamri na mbaazi, mwenye watoto wanne. Akisha kuuza asubuhi huenda kushona mabuibui kwa watu mpaka Adhuhuri. Juma lile halikuwa jepesi kwake. Hamira aliyoinunua ilikuwa mbovu, unga wa kilo nne haukuumuka, ikawa hasara. Mtoto mdogo alishikwa na homa siku mbili, na siku zile mbili hakushona, na asiposhona halipwi. Alisimama mlangoni, akatwambia kwa sauti ya chini:

“Sheikh wetu, subira tumeifahamu, na inshaAllah twaishika. Lakini ndoo nani atanitua?”

Hatukumfahamu. Ikabidi atueleze. Mtaani kwao maji ya mfereji hayaji mchana. Hufunguliwa usiku, siku mbili au tatu kwa juma, mara nyingi saa nane, na mfereji uko chini ilhali wao wakaa ghorofa ya tatu. Basi huamka, hujaza, hupanda ngazi na ndoo kichwani, na pipa likijaa huwa imefika saa tisa na kitu, saa ya kusukuma mahamri. Mumewe amelala. Kijana wake wa miaka kumi na minne amelala. Akifika juu hana hata mtu wa kumtua, hujitua mwenyewe, na siku nyingine maji humwagika nusu. Maji hayo, tukumbushane, husafiri safari ndefu kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, au Baricho kando ya Mto Sabaki, na yakifika Mombasa huwa kana kwamba yamechoka kama wale wayangojeao.

Hapa yatupasa kusema kweli. Mada ile ya subira hatukuichagua hivi hivi. Mwezi uliotangulia mumewe alikuja kutushitakia kwamba mkewe amebadilika, kwamba nyumbani hakuna tena neno laini, kwamba awapigia watoto kelele, na akatuomba tumpe nasaha. Sisi tukaona njia ya hekima ni kulisema jambo hilo mbele ya wote pasi na kumtaja. Kwa hivyo darsa nzima, pamoja na akina mama arubaini waliohudhuria, ilikuwa imekusudiwa mwanamke mmoja, naye ndiye aliyebaki mlangoni kutuuliza swali tusiloweza kulijibu.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikuwa tumeuona usufi.

Kwa idhini yake tulimwendea mumewe usiku ule baada ya Isha, tukamkuta barazani. Si mtu mbaya, na tungemdhulumu lau tungemwandika hivyo. Huendesha tuktuk isiyokuwa yake. Kila siku sharti ampelekee mwenye chombo hesabu yake, apate abiria asipate, inyeshe isinyeshe, na mafuta ni juu yake. Hutoka alfajiri hurudi usiku, na yale aliyoshindwa kuyajibu barabarani huyajibia nyumbani. Tulipomtajia habari ya maji aliinamisha kichwa. Akasema alikuwa ajua. Akasema pia, na hili tulimheshimu kwa kulisema, kwamba aona haya: mfereji ule umezungukwa na wanawake watupu, na majirani wamwone yeye na ndoo watasema nini?

Tukamsimulia habari ya Sayyidna Ali na Bibi Fatima (R.A.). Wengi wetu tumeisikia nusu yake. Twasimuliwa kwamba Bibi Fatima mikono yake ilifanya alama kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, na Mtume (S.A.W.) asimpe mtumishi, bali akamfundisha uradi wa kabla ya kulala: kusabihi mara 33, kuhimidi mara 33 na kukabiri mara 34. Habari hii sisi masheikh twaipenda sana kuwasomea akina mama. Huisoma, kisha tukanyamaza hapo, mama akafahamu kwamba jibu la uchovu wake ni tasbihi.

Lakini katika mapokezi ya Imam Ahmad, mwanzo wa habari ni Ali mwenyewe akisema kwamba ameteka maji hata kifua chamuuma. Kisha ndipo Fatima akataja mikono yake na jiwe la kusagia. Ali ndiye aliyemshauri aende akaombe. Mtume (S.A.W.) naye hakuwanyima kwa kuudharau uchovu wao. Walikuwako masahaba wa Suffa, mafakiri wa msikitini, wenye njaa kuliko wao. Na alipowajia usiku, wakiwa wameshalala, aliwasemeza wote wawili. Aliyesoma nahau atalitambua hilo mara moja, kwani Kiarabu kina umbo maalumu la kuwasemeza watu wawili, na ndilo lililotumika. Uradi ule walifundishwa mume na mke, kitandani mwao, mmoja ametoka kuteka na mwengine ametoka kusaga. Mume aliyelala usiku kucha, kisha akamwambia mkewe asome tasbihi ili apate nguvu za kubeba ndoo, amechukua nusu ya hadithi.

Bwana yule alinyamaza kitambo. Kisha akatutazama, akatuuliza kwa upole kabisa: “Na wewe, Sheikh, wateka?”

Tuliaga tukaenda zetu.

Njiani tulijihesabu. Tuna umri wa zaidi ya miaka hamsini na ndoa ya miaka ishirini na minane. Kila alfajiri tumekuta maji ya udhu yamewekwa kwenye birika, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuuliza yametoka wapi. Mtaa wetu na ule wa yule mama watumia mfereji wa njia moja. Usiku wetu tumeugawa baina ya darsa, suluhu za watu, nikahi na matanga, na tukirudi huwa tumechoka kwa kazi ya Mwenyezi Mungu, au ndivyo tulivyokuwa tukijiambia. Habari ya Abu Dardaa twaihifadhi tangu utotoni: jinsi alivyozama katika kufunga na kusimama usiku hata Salman akamkuta mkewe hajishughulishi tena na nafsi yake, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na Mtume (S.A.W.) akasema kwamba Salman amesema kweli. Twaisomesha kila mwaka. Kumbe twawasomesha wengine.

Tunajua wako watakaotwandikia kwamba dawa ni yule mama aache kazi akae nyumbani. Tungependa waandike pia kodi ya nyumba italipwa na nani. Zainab, mke wa Ibn Masud (R.A.), alikuwa akimtumilia mumewe na mayatima aliokuwa nao katika mali yake, na alipouliza kama hilo latosha kuwa sadaka, aliambiwa ana malipo mawili. Hatujui mahali aliposuutwa. Neno jengine twawaambia mama zetu, na watuwie radhi: yule kijana wa miaka kumi na minne aliyelala ni nani aliyemzoeza kulala? Dada yake wa miaka kumi na mmoja huamshwa kushika taa. Yeye huachiwa kwa kuwa ana mtihani, na mwaka uliopita aliachiwa kwa kuwa ni mwanamume. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika akatoka kwenda kuswali. Huyo ndiye mwanamume wa kumfuata.

Mume wa mama wa mahamri hajawa malaika. Tumepata habari kwamba huteka siku moja kati ya tatu, na huteka usiku mwingi zaidi, kabla ya wanawake kushuka, ili asionekane. Tumeambiwa pia kwamba kijana sasa hungoja juu ya ngazi kumtua mama yake. Mahamri hayajapungua bei ya unga, na wiki iliyopita mvua ilimrudisha na nusu ya sinia. Alipita kwetu akatupa matano, akasema ni sadaka ya yaliyobaki. Tulimtaka aketi tumwombee dua, akasema ana haraka.

Nasi usiku wa kuamkia Jumatano tulisikia mfereji ukikoroma, ikawa saa nane na robo. Mama watoto wetu alikuwa ameshaamka, ajifunga leso. Tukashuka naye. Hakusema lolote la kututia haya, wala hakutushukuru. Alitwambia tu kwamba ndoo ile ya buluu yavuja, tusiijaze hata juu.