Mfungeni Bwana, Msimuue Mbwa

Nimepewa siku saba. Si za kulipa deni wala za kuhama chumba, ingawa hayo nayo yanakuja. Nimepewa siku saba kumwondoa mbwa wangu hapa Isaka "kwa hiari", la sivyo ataondolewa kwa risasi au kwa nyama yenye sumu. Leo ni siku ya tatu. Kwa kuwa sina bunduki, sina mjomba serikalini, na elimu yangu iliishia kidato cha nne, nimeamua kutumia silaha niliyonayo: kalamu, na ukurasa mmoja wa jarida letu hili.

Kosa la mbwa mwenyewe ni nini? Kauma mtu? Hapana. Kala kuku wa jirani? Hapana. Kosa lake ni sura. Ana kichwa kikubwa, kifua kipana, taya zilizojaa, na masikio yaliyokatwa na mtu asiyejua kukata. Vijana wa pale malori yanapoegeshwa walimtazama mara moja tu wakasema: "Hii pitibuli hii, inaua." Basi, kesi ikaisha. Hakuna shahidi, hakuna utetezi.

Nilimpataje? Nilimkuta nyuma ya uzio wa ghala moja karibu na reli. Kampuni fulani ya ulinzi ilikuwa na lindo pale. Lindo likaisha, walinzi wakapanda gari na virungu vyao, tochi zao na hata viti vyao vya plastiki. Mbwa wakamwacha na mnyororo wake. Nilipomfikia hakuwa na nguvu ya kubweka. Nikampa maji kwenye kopo la rangi, akanywa mpaka likakauka, halafu akanilamba vidole. Msinione shujaa, jamani, magoti yalikuwa yanagonga. Nilipofika naye nyumbani mama akaniuliza: "Mwanangu, wewe unakula kwa mama. Huyu atakula kwa nani?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo jibu langu ni ukoko wa ugali, vumbi la dagaa na mifupa ya buchani.

Sasa tuzungumze bila kufichana. Wa kwanza ninaowalaumu si waoga. Nawalaumu vibopa.

Huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Geita, mtu dhahabu ikimkubali ana mambo yake. Atanunua gari, atajenga ukuta mrefu kuliko nyumba, halafu atatafuta mbwa mwenye jina la Kizungu. Haulizi mbwa huyu anakula kiasi gani, anahitaji mazoezi gani, anachanjwa lini. Anauliza kitu kimoja tu: "Ni mkali?" Akishamleta anamfunga mchana kutwa juani. Wengine wanampa pilipili, wengine wanampa bangi, eti damu ichemke. Daktari wa mifugo haitwi hata siku moja. Mbwa huyo akifanikiwa kuwa mkali, siku moja anakatika mnyororo na kumrarua mtoto aliyefuata mpira. Akishindwa kuwa mkali, anatupwa. Njia zake ni mbili na zote zinaishia kwenye kaburi. Bwana mkubwa yeye anaagiza mwingine.

Wazee walishasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbona methali hii tunaitumia kwa watoto wa watu wengine tu?

Tena jina lenyewe mnalijua maana yake? Ni mbwa wa shimoni. Uingereza zamani walikuwa wanawachochea mbwa kupigana na mafahali na dubu, watu wakiangalia na kuweka dau. Mwaka 1835 Bunge lao likapiga marufuku mchezo huo. Wacheza kamari wakahamia kwenye kitu rahisi kuficha: mbwa kwa mbwa, ndani ya shimo, watu wamezunguka juu. Mbwa hao wakavushwa mpaka Marekani, na mwaka 1898 kikaanzishwa chama cha kuwaandikisha. Sisi watu wa ukanda wa dhahabu, wenye ndugu na jamaa wanaoteremka kwenye maduara, tungekuwa wa kwanza kuelewa habari hii. Kuna anayeteremshwa shimoni, na kuna anayekaa juu akihesabu faida. Shimo likiporomoka, jina baya anapewa aliye chini.

Mshikaji wangu mmoja, msomi wa magazeti, alinibana: "Mbona Uingereza yenyewe imewapiga marufuku?" Ni kweli, sikatai. Tangu sheria ya mwaka 1991 pitibuli ni marufuku kule, na tarehe 1 Februari 2024 wakaongeza mbwa aina ya XL Bully, ambaye huruhusiwi kukaa naye bila kibali maalum. Lakini hadithi isomwe mpaka mwisho. Uholanzi nao walipiga marufuku mwaka 1993, na baada ya miaka kama kumi na mitano wakaifuta sheria yao, kwa sababu watu waliendelea kuumwa kama kawaida. Na Marekani je? Mwaka 2007 mchezaji maarufu wa mpira wa kule, Michael Vick, alihukumiwa kifungo cha miezi 23 kwa kuendesha biashara ya kupiganisha mbwa. Pitibuli wapatao hamsini walikamatwa kwenye shamba lake. Wengi walidhani dawa yao ni sindano ya kifo tu. Badala yake walipimwa mmoja mmoja, wengi wakapelekwa kwenye vituo vya kuokoa wanyama, na kadhaa wakaishia kulala sebuleni mwa watu, nyumba zenye watoto. Hao walikuwa mbwa waliotoka shimoni kwenyewe! Kilichofanyika ni kuwaangalia walivyo, si kuangalia jina. Na safari hii, bwana ndiye aliyefungwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi mbwa wangu ni kondoo. Taya zile zikifunga, zimefunga. Jeraha lake si sawa na la mbwa koko. Ndiyo maana simwachi kuzurura. Anatoka na kamba, tena kamba mkononi mwangu, si mkononi mwa mdogo wangu wa miaka tisa. Mtu asiyeweza hilo asichukue mbwa wa namna hii, hata kama ni wa bure. Huruma bila kamba ni uzembe.

Lakini kuhukumu kwa sura, watu wa Shinyanga, tuwe waangalifu mno. Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho ambayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na wa vinyesi vya ng'ombe, miaka hamsini ya kupikia watoto na wajukuu. Silinganishi bibi na mbwa, Mungu aniepushe. Ninachofananisha ni akili ya mwenye panga. Ni akili ileile inayosema: nimeona sura, nimeshajua moyo. Akili hiyo ukiilea kwa mbwa, haitakaa kwa mbwa.

Halafu kuna kichekesho. Tunahofia kichwa kikubwa, wakati kinachoua watu ni kitu kisichoonekana. Kichaa cha mbwa kinaua maelfu kwa maelfu duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa wa kawaida kabisa, hawa tunaowazoea mitaani. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali ya kukuokoa. Na kinga ipo tangu mtoto Joseph Meister alipochomwa sindano ya chanjo ya Pasteur mwaka 1885! Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbia hospitali ukachomwe sindano. Kwa hiyo anayeitakia Isaka usalama asiniletee sumu. Aniletee daktari wa mifugo na boksi la chanjo, mbwa wote wapangwe foleni, wa kwangu awe wa kwanza. Risasi inaondoa mbwa mmoja, kesho anaingia mwingine asiyechanjwa kufuata jalala lilelile.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumwacha mnyama afe kwa kiu kwenye mnyororo si jambo la "bwana, ni mbwa tu". Mbona aliyemfunga pale ghalani hakupewa siku saba?

Wengine wananitania: "Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini." Nawaheshimu wazee wa dini, na mbwa wangu hakanyagi uwanja wa jirani yangu Mwislamu. Nimemjengea banda upande wa pili. Heshima ya namna hiyo inawezekana pasipo kuua.

Arusha kuna kituo kinachoitwa Mbwa wa Africa, wanaokota mbwa, wanawatibu, wanawahasi na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Nairobi kuna KSPCA inayofanya kazi kama hiyo. Hapa Isaka tuna bandari kavu, tuna reli, tuna malori ya Rwanda na Kongo, lakini mlango wa namna hiyo sijauona. Basi mlango ni mimi. Ni wewe pia unayetaka mbwa wa kulinda duka lako: kabla ya kutoa laki kadhaa kwa kichanga aliyetenganishwa na mama yake mapema, pita kwanza nyuma ya maghala.

Na ninyi waandishi wenzangu chipukizi, msijifiche nyuma ya daftari. Hebu fungueni hadithi zetu. Mbwa yumo? Yumo, kama tusi. "Mbwa wewe!" Au yumo kumfukuza mwizi ukurasa wa tatu, kisha anasahaulika. Hata mimi riwaya yangu, ambayo sijaimaliza mwaka wa nne huu, ilikuwa na mbwa mkali wa tajiri asiye na jina wala kiu. Nimeirudia sura hiyo. Sasa anakunywa maji kwenye kopo la rangi.

Zimebaki siku nne. Siku ya nane asubuhi nitakuwa nimekaa mlangoni, kamba mkononi, na kadi ya chanjo mfukoni, nikijaliwa kuipata. Atakayekuja na sumu nitamuuliza swali moja tu: huyu kamkosea nani? Akinijibu kwa jina la mtu aliyeumwa, nitamkabidhi kamba mwenyewe. Akinijibu kwa sura, naomba aondoke na nyama yake.