Eti King Majuto "komedi tu"?

Mliowahi kupanda basi la Dar kuja Ifakara mnajua. Mkishaiacha Mikumi, konda anaweka filamu ya King Majuto na basi zima linaangua kicheko, hata yule mama aliyenuna tangu Morogoro.

Sasa juzi stendi hapa madogo wanabishana nani mwigizaji mkali Bongo. Nikamtaja Majuto. Wakanijibu, "Yule komedi tu, siyo mwigizaji." Iliniuma, wadau.

Amri Athuman wa Tanga alipanda jukwaani 1958, akiwa na miaka tisa hivi. Alifariki Agosti 8, 2018. Miaka 60! Jukwaani, kwenye kanda, runinga, filamu, matangazo. Leo baba bahili, kesho mzee anayemendea vibinti, na wote unawaamini. Alikuwa anakuvunja mbavu kwa kunyamaza na kutoa macho tu. Jaribu wewe mbele ya kamera tuone.

Waingereza wana Ian McKellen, alianza kazi ya jukwaa 1961, na 1991 wakampa U-Sir. Mwaka 1961 Majuto alikuwa tayari jukwaani, jamani! Wetu U-King tulimpa sisi wa mtaani, na mtaa hauna hela ya matibabu. Mpaka anaumwa ndiyo serikali ikaanza kuulizia mikataba yake ya matangazo ilikuwaje.

Halafu mnaniambia komedi tu. Na hizo filamu zinazotuchekesha safari nzima mpaka Kilombero, familia yake inapata shilingi ngapi?