Tomaso si Tusi

Katika siasa za nchi yetu, mwananchi anapouliza hesabu ya kura ilifanywaje, mara nyingi hajibiwi kwa hesabu. Hujibiwa kwa jina. Huitwa Tomaso. Wakiuliza wengi huitwa akina Tomaso, umati ukacheka, na swali likazikwa hapo hapo. Sisi tulioapa kuitumikia sheria, na ambao Jumapili twaketi kanisani pamoja nanyi, twasema jina hilo limetekwa nyara.

Tuanze na mwenye jina. Injili ya Yohana haimkumbuki Tomaso, aitwaye pia Pacha, kwa shaka peke yake. Katika sura ya 11, wanafunzi walipohofia kurudi Uyahudi ambako Bwana alitaka kupigwa mawe, ni yeye aliyewahimiza wenzake waende wakafe pamoja naye. Huyo si mwoga. Na katika sura ya 20, aliomba nini zaidi ya walichokwisha kuona wenzake? Wao walikuwa wameonyeshwa mikono na ubavu yeye akiwa hayupo. Wala hakufukuzwa chumbani kwa kuuliza. Alionyeshwa, akakiri papo hapo.

Tunalijua jibu tutakalopewa: kwamba Bwana aliwaita heri wasioona wakasadiki. Naam. Lakini hapo palikuwa na habari za Mfufuka, si za msimamizi wa uchaguzi. Anayedai imani ya namna hiyo kwa ajili ya karatasi ya matokeo anajitwalia kiti kisicho chake, na inatusikitisha kwamba wapo wachungaji wanaomwitikia amina.

Kiswahili chenyewe kinatenganisha mambo haya. Shaka ni hali ya moyo ambao haujapata hakika. Tuhuma ni kumnyooshea mtu kidole. Mwenye shaka hajamshtaki yeyote. Mahakamani shaka ni ngao ya mshtakiwa: upande wa mashtaka usipothibitisha kosa pasipo kuacha shaka la maana, huachiliwa huru, na hatujasikia hakimu akizomewa kwa kuwa Tomaso.

Tuwakumbushe wenye kusahau. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, wapigaji kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao. Walipotawanyika, hapakubaki hata karatasi moja ya kuhesabiwa upya. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipofichua udanganyifu huo lilipigwa marufuku. Mwaka 2008, tume ya Jaji Kriegler ilisema haiwezekani kujua ni nani aliyeshinda urais mwaka 2007, kwa jinsi kumbukumbu zilivyovurugika; wakati huo zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekwisha kuuawa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, baada ya tume ya uchaguzi kushindwa kufungua mitambo yake kikamilifu kama ilivyoamriwa. Ni nani aliyewaomba radhi akina Tomaso wa Agosti ile?

Mwaka 2022 mambo yalikuwa tofauti. Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, mwenye macho ajisomee, na Septemba 5 Mahakama ya Juu ikazikataa hoja za walalamishi. Hapa twawageukia wenzetu wenyewe. Tomaso alipokwisha kuonyeshwa hakudai ubavu wa pili. Mtu aliyezisoma fomu, akakosa kasoro, na bado anakana, huyo ni mkaidi. Asijifiche chini ya joho la mtume.

Kwa wengine wote tunasema hivi: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukiitwa Tomaso barazani, itika. Kisha uliza fomu iko wapi.