Matamshi ya Kimombo Yasiwe Mizani ya Akili

Imekuwa ada katika kumbi za mihadhara jijini Nairobi kwamba mwanafunzi akilitamka visivyo neno adimu la Kiingereza, kicheko huzuka kabla hoja yake haijasikika. Mtu aliyekisoma kitabu kizima, akakielewa na kukichambua, hunyamazishwa kwa ajili ya silabi moja. Dhihaka hii imepewa hata kitenzi chake, 'kushrabu', chenye umbo la neno la Kiingereza lenye maana ya kichaka, kana kwamba aliyeteleza ulimi ametoka mwituni jana. Suala hili lastahili kutazamwa kwa jicho la isimu wala si la utani, maana limewafunga vijana wengi vinywa, na wengine huliogopa hata katika usaili wa kazi.

Chanzo cha kosa lenyewe si ujinga. Msomaji wa Kiswahili amezoea maandishi yasiyomhadaa: irabu ni tano, na kila moja husomwa jinsi ilivyoandikwa. Kiingereza hakina uaminifu huo. Neno 'receipt' lina herufi 'p' isiyotamkwa, na 'debt' lina 'b' iliyo bubu. Herufi hizo zilipachikwa na wasomi waliotaka maneno hayo yafanane na asili zake za Kilatini, na walaji wa lugha hawakujisumbua kuzitamka. 'Colonel' huandikwa kwa 'l' mbili, ilhali katika matamshi ile ya kwanza haisikiki, kwa sababu lugha hiyo iliwahi kuwa na maumbo mawili ya neno hilo, ikahifadhi tahajia ya moja na matamshi ya jingine. 'Epitome' ina silabi nne, si tatu. 'Quay' hutamkwa 'kii'. Ajabu ni kwamba mwuza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga anayemwandikia mteja wake 'risiti' yu karibu zaidi na matamshi ya Mwingereza kuliko msomi anayeisoma ile 'p' kwa bidii zote. Kiswahili kiliyapokea maneno mengi ya kigeni kwa sikio, ndipo kikayaandika kama yalivyosikika.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Neno hupatikana kwa njia mbili: kwa sikio au kwa jicho. Matatu ya namba 46 hutoka katikati ya jiji ikaelekea magharibi hadi Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington. Mtoto wa Lavington aliyezaliwa katika nyumba ya wasomi hulisikia neno 'hyperbole' mezani wakati wa chajio, kabla hajajua kuliandika. Mwenzake wa Kawangware hukutana nalo katika kitabu kuukuu kilichonunuliwa kwenye vijia vya katikati ya jiji. Hana wa kumtamkia. Hulisaka katika kamusi, akaielewa maana yake, akalihifadhi moyoni kwa sauti aliyoikisia mwenyewe. Siku watakapoketi darasa moja, wa kwanza atasifiwa na wa pili atachekwa. Lakini ni yupi kati yao aliyetoa jasho kulipata neno hilo? Matamshi hapo hayakupima akili wala elimu. Yamepima mahali mtu alipolelewa.

Isitoshe, hata njia ya jicho haikuwa wazi kwa wote. Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda ilifunguliwa mwaka wa 1931, nayo kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Kizazi kilichozuiwa kukigusa kitabu kingewezaje kuwarithisha wana wake matamshi ya kitabuni? Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika 'Decolonising the Mind' kilichochapishwa mwaka wa 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kigĩkũyũ shuleni. Kicheko cha ukumbini ni mrithi wa kibao hicho, ila sasa hakishikwi na mwalimu, bali huvishwa mwanafunzi na wenzake.

Yamkini mtu atasema kwamba matamshi sahihi ni sahihi tu, wala hayategemei mwenye kuyatamka. Historia yakanusha. Waingereza waliitawala nchi hii wakiita 'Kiinya'. Baada ya uhuru wa 1963, matamshi ya 'Kenya' yakashika hatamu, nao Waingereza wakafuata. Herufi hazikubadilika, yaliyobadilika ni mamlaka. Vivyo hivyo, jina la Nairobi lina asili ya Kimaasai, katika maneno yenye maana ya maji baridi, na kila taifa hulitamka lipendavyo bila kuchekwa na yeyote. Mgeni akishindwa na sauti ya 'ng'' katika neno ng'ombe, huambiwa kwamba anajitahidi. Iweje subira hiyo anyimwe mwenyeji?

Hata hivyo, si busara kudai kwamba matamshi hayana maana yoyote. Rubani na mwelekezi wake sharti wasikilizane, na daktari akitaja jina la dawa, mwuguzi alisikie barabara. Mwenye kukosea anastahili kusahihishwa, lakini kusahihisha ni tofauti na kuaibisha. Pana pia hatari ya upande wa pili, ya wenye kutamka kwa madaha wasichokijua. Neno 'nonplussed' humaanisha mtu aliyetatizika hata asijue la kufanya. Wapo wanaolitamka bila dosari wakimaanisha mtu asiyejali. Hao hawachekwi, kwa kuwa sauti yao ni tamu. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana, na katika jambo hili maana ndiyo inayostahili kutangulizwa.

Basi na lifanyike lipi? Kwanza, mhadhiri ajibu hoja kabla ya kugusa matamshi, na masahihisho yatolewe kwa staha baada ya mjadala. Pili, wanafunzi wa Kiswahili, ambao somo la fonolojia huwafunza Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, wawafundishe wenzao kuisoma. Kamusi nyingi za Kiingereza hutumia alama hizo kuonyesha matamshi, na mwenye kuzijua hahitaji kuzaliwa Lavington ili alitamke neno. Tatu, Kiswahili kipewe nafasi yake katika mijadala ya chuo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mwanafunzi aliyekwama kwenye neno moja la Kimombo ana haki ya kuendelea na hoja yake kwa Kiswahili, na wasikilizaji wana wajibu wa kumsikiliza hadi atakapotia nukta.