Mbwa wa Jirani na Udhuru wa Mgeni



Juma hili tunatafakari jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno: mbwa wa jirani aliyefungwa mnyororo, hana maji wala kivuli, nasi tunapita kila siku tukisema, "Si wangu, na hapa mimi ni mgeni tu." Tunasema wazi tangu mwanzo: udhuru huo haukubaliki.

Tuitazame Paje. Kijiji hiki cha pwani ya mashariki ya Unguja ni cha wavuvi, na tangu mwaka 1989 ni cha wakulima wa mwani, kazi iliyobebwa zaidi na akina mama. Siku hizi kinajulikana pia kwa wageni wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara. Upepo wa kaskazi na wa kusi huwaleta. Masika ya Aprili na Mei huwaondoa. Wapo wanaopanga nyumba kwa miezi kadhaa, wakachukua mtoto wa mbwa awachangamshe na kuwalindia ua. Upepo ukigeuka, mwenye mbwa hupanda ndege, na mbwa hubaki.

Hubaki na nani? Mara nyingi ni na mlinzi, kijana aliyetoka Bara kutafuta riziki, pengine mwanaparokia mwenzetu. Ameachiwa funguo, ahadi ya mshahara na neno moja: "Mwangalie mbwa." Fedha ya chakula cha mbwa hakuachiwa. Je, agawane naye ugali wake, au amwache alie usiku kucha? Amwachaye mnyama bila posho amemdhulumu pia mtu aliyemkabidhi. Na sisi tunaomhurumia mbwa bila kumuuliza mlinzi kama amelipwa, huruma yetu ina chongo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba ukatili na kutojali viumbe huishia kugusa namna tunavyowatendea wanadamu. Na papo hapo aliwakemea wanaotetea wanyama huku wakiwasahau watu. Mafundisho hayo mawili hayatenganishwi.

Udhuru wa pili tunausikia mara kwa mara, nao unatuudhi zaidi: "Waislamu hawapendi mbwa, basi tufanyeje?" Huo ni usengenyaji. Jirani zetu wa Paje, wanaofuata madhehebu ya Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kujiepusha na najisi si ruhusa ya kutesa. Katika hadithi za Mtume wao imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tena, mbwa huyu aliletwa na nani uani? Aliletwa na mgeni. Tusimtwike mwenyeji dhambi ya mpangaji.

Maandiko nayo hayatuachii njia ya kukwepa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaamuru kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, usimpite. Ikiwa punda wa adui anastahili mkono wetu, itakuwaje mbwa wa jirani? Katekisimu, namba 2416 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama wanastahili wema wetu, na kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Na wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayepokea mshahara Paje na kunywa maji ya Paje, siku yake ya tatu imepita zamani.

Lakini tunawapinga vilevile wenye bidii isiyo na akili. Wapo wanaopiga picha na kuzitawanya kwa simu, wakikitangaza kijiji kizima kuwa cha wakatili, ilhali hawajawahi hata kubisha hodi kwa jirani. Wapo wanaofungua mnyororo usiku na kujiona wakombozi. Mbwa mwenye njaa akiachiwa hukimbilia kuku na mbuzi wa maskini, na aweza kumng'ata mtoto. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza, karibu daima huua. Na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Hiyo ni huruma inayolipiwa na mtu mwingine.

Basi tufanye nini? Kwanza, maji: hayangoji kikao. Pili, twende kwa mwenye nyumba kwa salamu na staha, faragha, tukiuliza kabla ya kushutumu. Kama hayupo, tuzungumze na mlinzi, kisha tumpigie simu mwajiri wake, tudai posho ya mbwa na mshahara wa mtu kwa pamoja. Tatu, ikishindikana, twende kwa sheha na kwa afisa mifugo. Wala tusiende kwa sheha tukitamba na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa maana hiyo ni ya Tanzania Bara. Twende kama majirani waombao msaada.

Na wewe unayefikiria kuchukua mtoto wa mbwa msimu huu, jibu kwanza swali moja: masika yakifika, nani atamlisha, na kwa fedha ya nani? Kama huna jibu, usimchukue.