Usinunue kidhibiti sauti kipya, inua mguu mmoja
Wenye Marshall JCM800 2203 hulalamika kwamba ukipunguza sauti, amplifaya inatoboa masikio. Wengine hukimbilia kubadilisha kidhibiti sauti chenyewe. Kwangu hizo ni pesa za bure. Mkorofi ni kapasita ndogo ya pikofaradi 1000 iliyoungwa kwenye kidhibiti cha hatua ya mwanzo: sauti nyembamba zinapitia humo kama njia ya mkato, nzito zinabaki nyuma. Ukifungua hadi mwisho, haina kazi. Basi inua mguu wake mmoja tu, usiitupe; ukijuta, unairudisha. (Sisi wa programu tungesema umeigeuza komenti.) Lakini chomoa plagi kwanza, mwaga chaji ya zile kapasita kubwa, kisha hakikisha kwa mita. Huweza kushika mamia ya volti hata umeme ukishakatwa, na hizo zinaua.