Kitabu Kiingie Chumba cha Mtihani

Mwaka 2016 wasimamizi wa famasi nchini Uingereza waliwazuia watahiniwa wa usajili kuingia na vitabu vyao vya rejea, ikiwemo BNF, ambayo mfamasia wa huko haimtoki mkononi. Waliolisikia jambo hili nusunusu hulishika kama ushahidi kwamba mfamasia aliyeiva hahitaji kitabu. Wangesoma hadi mwisho. Kurasa zinazohitajika ziliwekwa ndani ya mtihani wenyewe, na kikokotoo, ambacho zamani kilikatazwa, kikaruhusiwa kwenye karatasi ya hesabu.

Baraza la Famasi la Tanzania, linalosajili wafamasia wetu chini ya Sheria ya Famasi, lina sababu nzito zaidi za kupima hivyo, kurasa za rejea zikiwa mbele ya mtahiniwa. Tuchukue malaria tu, mgeni wa kila siku kwenye madirisha ya dawa ya Kilosa na Mikumi. Klorokwini iliipisha SP (sulfadoksini-pirimethamini) mwaka 2001; 2006 ikaingia dawa mseto; baadaye, kwa malaria kali, kwinini ikaipisha artesunate. Aliyekariri na kufaulu mwaka 2000 alibaki na majibu yaliyochacha mapema mno. Na hiyo artesunate ina mtego wake: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, ilhali mwenye kilo 20 na zaidi hupewa 2.4. Mtoto wa kilo 18 anayefikishwa Mikumi usiku anahitaji miligramu 54. Anayefuata kipimo cha mtu mzima atapata 43.2, tena hesabu yake ikiwa haina kosa hata moja.

Wapo watakaosema kitabu kitalea uvivu, na kwamba mgonjwa mahututi hamngoji mtu apekue kurasa. Hili la pili ni kweli, ndiyo maana sehemu moja ya mtihani ibaki bila rejea yoyote. La kwanza linajibiwa na saa ya ukutani: asiyewahi kuuzoea mwongozo hataufikia ukurasa kabla muda haujaisha. Pingamizi ninaloliheshimu ni la usawa, kwa kuwa mwenye fedha atakuja na toleo jipya, na mwenzake na la kuazima. Basi Baraza litoe kurasa zilezile kwa wote, kutoka mwongozo wa taifa wa matibabu, maana BNF imeandikiwa rafu za Uingereza na si za Bohari ya Dawa. Mara mojamoja liwape kurasa mbili zinazopingana, ya toleo la zamani na ya toleo jipya, kisha liwaulize wangetoa dozi ipi.